Uliza Mwalimu: Nyumba Moja, Danieli Watatu

Mwezi huu barua zimekuja za namna moja. Sijui ni mahema ya mikutano ya injili yaliyosimama kila uwanja tangu masika ilipokatika, au ni joto tu la Tanga. Nimechagua nne. Kwa wasionijua: nimefundisha somo la Biblia sekondari mpaka nikastaafu, nimelelewa na Waanglikana wa Magila, nimeolewa na Mkatoliki, na majirani zangu wa kushoto na kulia ni Waislamu. Mkiona nimeegemea upande mmoja, subirini aya inayofuata.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Msabato, mzaliwa wa Upareni. Mume wangu ni Mwanglikana wa Muheza. Tumeishi Makorora kwa amani, kila mtu na siku yake ya ibada. Sasa kijana wetu wa kwanza ameokoka katika kanisa moja la kiroho hapa mtaani, na kila jioni kwetu ni Danieli sura ya 7, yale maono ya wanyama wanne na pembe ndogo iliyoota kwa yule wa nne. Mimi nimefundishwa tangu utotoni kwamba ile pembe ndogo ni utawala wa Upapa. Baba yake anasema ni mfalme wa kale aliyenajisi hekalu, akafa kabla Yesu hajazaliwa. Kijana anasema tumekosea wote, huyo mtu bado hajaja. Ningecheka, ila tangu mwezi uliopita haendi chuo cha ufundi. Anasema unyakuo uko mlangoni, cheti cha umeme kitamfaa nini? Na ada tumeshalipa. Biblia ni moja. Nani anasema kweli? Mama wa Makorora.*

Marahaba mama, na pole kwa ada.

Ugomvi wenu, kwa ninavyouona, ni wa wakati kuliko wa pembe. Kabla halijafungua Danieli, kila kanisa lina jibu lake kwa swali moja: unabii huu unasema na nyakati zipi? Zilizokwisha kupita, hizi zinazokwenda karne kwa karne mpaka leo, au zile ambazo bado? Mume wako kashika jibu la kwanza, wewe la pili, kijana la tatu. Wapo na wa nne, wanaosema wanyama wale ni picha za kila dola inayojifanya mungu, iwe ya jana au ya kesho. Hao nyumbani kwako hawajaingia, tuwaache.

Nianze na wewe, maana historia yako ndiyo ndefu. Watu hudhani Wasabato ndio waliobuni habari ya Upapa na pembe. Sivyo. Luther na Calvin walimwita Papa Mpinga Kristo, na Waprotestanti wengi wa Ulaya waliihubiri habari hiyo ya pembe kwa karne nyingi. Makanisa mengine yaliiacha polepole. Ninyi mkabaki nayo. (Mume wangu akisikia habari hizi hunywa chai yake tu, anasema amezizoea.) Kilicho chenu zaidi ni hesabu. Kanuni ya siku moja kuwa mwaka mmoja, inayotolewa Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, ilitumika kabla yenu, lakini mtu aliyeifikisha mbali ni William Miller, mkulima Mbaptisti wa Marekani. Alichukua zile jioni na asubuhi 2300 za Danieli 8:14 akazifanya miaka 2300, akaanza kuhesabu mwaka 457 KK, mwaka wa amri ya mfalme Artashasta katika Ezra sura ya 7. Akapata kama 1843 kuwa mwaka wa kurudi kwa Kristo. Baadaye wakakumbuka kwamba kati ya KK na BK hakuna mwaka wa sifuri, hesabu ikasogea hadi 1844, na mwisho wake wakatajiana siku kabisa: 22 Oktoba.

Mama, siku ile ilipita. Wapo wakulima walioacha mazao shambani wasiyavune, kwa kuwa nani angeyala? Asubuhi ya tarehe 23 jua likachomoza, na majirani wakaja kuuliza mbona bado mpo. Wengi wakatawanyika kwa uchungu. Kikundi kidogo kikarudi kwenye Biblia kikasema tarehe ni sahihi, tukio ndilo lililoeleweka vibaya: Kristo hakuja duniani, aliingia patakatifu pa patakatifu pa mbinguni kuanza hukumu. Mwaka 1863 likaundwa Kanisa la Waadventista Wasabato, na mwaka 1903 wamisionari wake wakafika milima yenu ya Upare.

Nimehudhuria makambi yenu mara kadhaa, na nikiri nayapenda. Kitambaa kikubwa kimechorwa ile sanamu aliyoiota mfalme Nebukadreza katika Danieli 2: kichwa cha dhahabu Babeli, kifua cha fedha Wamedi na Waajemi, tumbo la shaba Wayunani, miguu ya chuma Warumi, nyayo za chuma na udongo. Mhubiri ameshika fimbo anaonyesha kama mwalimu wa jiografia, na watu wana madaftari mapajani. Hakuna kanisa jingine mkoani kwetu ambalo mama muuza dagaa anaweza kukutajia dola nne za Danieli kwa mpangilio. Hilo silibezi.

Mume wako sasa. Makanisa ya Kianglikana ya huku, yaliyoanzishwa na wamisionari wa UMCA, ile misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, hayana desturi ya kumhubiri Danieli kwa vitambaa. Padri anamkuta kwenye ratiba ya masomo, anamgusa, anaendelea. Lakini chuoni padri amefundishwa kwamba kitabu kile kilikuwa kinasema na Wayahudi waliokuwa wakiteswa na Antioko wa Nne, aliyejiita Epifane, ambaye mwaka 167 KK alisimamisha madhabahu ya kipagani ndani ya hekalu la Yerusalemu. Habari zake zimo katika vitabu vya Wamakabayo, ambavyo Wakatoliki wanavihesabu kuwa Maandiko, Waanglikana wanavisoma kwa mafundisho ya maisha bila kujenga imani juu yake, na wewe mama pengine hujaviona kabisa kwenye Biblia yako. Katika sura ya 8 mume wako ana nguvu, na namuunga mkono: mstari wa 21 malaika mwenyewe anasema yule beberu mwenye pembe ni mfalme wa Uyunani. Antioko alitoka kwenye dola hiyo hiyo. Anaposhindwa ni akitaka kufunga jalada hapo. Yesu, miaka karibu 200 baada ya Antioko, anasema katika Mathayo 24:15 kwamba chukizo la uharibifu alilolinena Danieli litaonekana. Kwa hiyo hata kama Danieli alimlenga Antioko, Yesu hakuona kwamba maneno yale yameishia kwake. Na Wakristo wa kwanza kwa kawaida walimsoma mnyama wa nne kuwa ni Roma.

Kijana wako anasoma kwa namna iliyo changa kuliko zote tatu, ingawa yeye anadhani ndiyo ya mitume. Kuuweka Ufunuo karibu wote mbele yetu si jambo jipya. Mjesuiti Mhispania, Francisco Ribera, aliufafanua hivyo katika karne ya 16. Lakini ule mpango anaouhubiri kijana, kwamba kwanza waamini watanyakuliwa kimya, kisha miaka 7 ya dhiki kuu na Mpinga Kristo, kisha Bwana arudi hadharani kutawala miaka 1000, uliwekwa sawa na John Nelson Darby wa Uingereza katika karne ya 19. Msingi wake ni yale majuma 70 ya Danieli 9, kila juma likihesabiwa miaka 7. Darby alisema majuma 69 yametimia hadi Kristo, saa ikasimamishwa, na juma la mwisho limewekwa kando mpaka kanisa liondoke. Ukiuliza Biblia inasema wapi kwamba saa imesimama, utaonyeshwa hoja, hutaonyeshwa mstari. Kilichoueneza mpango huu ni Biblia ya Scofield iliyotoka Marekani mwaka 1909, yenye maelezo chini ya kurasa, na msomaji akisoma harakaharaka anasahau mstari wa Paulo unaishia wapi na maelezo ya Scofield yanaanzia wapi. Wapentekoste wengi waliupokea kutoka humo. Na wao kwa wao hawajakubaliana kama unyakuo ni kabla ya dhiki, katikati, au baada yake.

Uliuliza nani anasema kweli. Mimi kwa sura ya 8 nipo na mume wako, kwa sura ya 7 sifungi mlango, na kwa ile saa iliyosimamishwa simo. Lakini kwa habari ya chuo, aliye na neno la kumwambia kijana ni wewe kuliko baba yake. Kaa naye umsimulie 1844. Kanisa lako linajua tarehe ikipita inakuwaje, na ndiyo sababu halitaji tarehe tena. Kisha mfungulie barua za Wathesalonike, maana hapo ndipo anapotoa unyakuo wake, 1 Wathesalonike 4:17. Avuke kurasa mbili tatu tu. Kanisa lile lile, likiwa limechangamka kwa habari ile ile ya kurudi kwa Bwana, watu wakaacha kazi, na Paulo akawaandikia katika barua ya pili, 3:10, kwamba ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula. Usimnyime ugali, msomee tu.

Na kama anaona mnatania, mwambie Shakahola si mbali. Ni pwani hii hii, huko Kenya, upande wa bara kutoka Malindi. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 msituni, ya watu waliofundishwa kufunga kula hadi kufa ili wakakutane na Yesu kabla dunia haijaisha. Nao walianza kwa kutoa watoto shuleni. Sisemi kanisa la mtaani kwenu ni lile. Nasema mhubiri akigusa masomo na chakula, hapo nenda ukamwone ana kwa ana, tena uende na mume wako.

*Bwana Yesu asifiwe Mwalimu. Sisi Walutheri wa huku Lushoto tuna maswali. Jirani zetu wanahubiri Ufunuo kila wiki, sisi mchungaji anaweza kumaliza mwaka hajamtaja mnyama hata mmoja. Je, tunafichwa kitu? Mwanakwaya.*

Amina. Hamfichwi, mnapangiwa.

Makanisa ya zamani yanahubiri kwa kalenda. Mchungaji hachagui somo kwa jinsi alivyoamka, limechaguliwa. Na waliochagua walikuwa na woga wao na Ufunuo, woga wenye ukoo. Luther mwenyewe katika dibaji yake ya mwaka 1522 aliandika wazi kwamba roho yake haipatani na kitabu hicho. Mwaka 1530 akaandika dibaji nyingine, ya upole zaidi, akijaribu kukisoma sambamba na historia ya Kanisa. Mwaka huo huo wa 1530 Ungamo la Augsburg, tamko la imani ambalo kanisa lenu la KKKT linalishika, katika kifungu cha 17 likawakataa wanaofundisha kwamba watakatifu watamiliki ufalme wa dunia kabla ya ufufuo wa wafu. Ukishakataa hilo, miaka 1000 ya Ufunuo 20 huwezi kuihubiri kama ratiba ya matukio.

Wakatoliki walifika hapo mapema zaidi. Agostino wa Hippo, mwanzoni mwa karne ya 5, alisema miaka 1000 ndiyo huu wakati wa Kanisa, kuanzia kuja kwa Kristo kwa kwanza mpaka atakaporudi. Katekisimu yao ya leo, namba 676, bado inakataa ufalme wa Masiya wa ndani ya historia. Lakini wao Ufunuo wanausoma. Tatizo ni saa na siku. Unasomwa katika Misa za siku za kazi, juma mbili za mwisho wa mwaka wa Kanisa, kila mwaka wa pili, asubuhi ile ambayo waliopo ni masista, mume wangu na wazee wachache wenye sweta. Jumapili za Pasaka za Mwaka C, yaani wa tatu katika mzunguko wao wa masomo, unasomwa pia, ila fuatilia sura zinazochaguliwa: 1, 5, 7, 21, 22. Mwanakondoo yupo, Yerusalemu mpya ipo, machozi yanafutwa. Mnyama wa sura ya 13 karukwa. Waorthodoksi wamekwenda mbali kuliko wote. Wanaukubali Ufunuo kuwa Maandiko, na katika ibada zao kwa kawaida hausomwi.

Nawaelewa walioogopa. Lakini wachungaji na mapadri watanivumilia: sura mnazoziruka hazikai bila mhubiri. Waumini wenu wanarudi nyumbani Jumapili mchana, jioni wanakwenda kusimama nje ya hema kusikiliza zile mlizoruka, na huko wanapewa majibu yenye uhakika na vipaza sauti. Basi wewe mwanakwaya anza na unachokishika. Unapoimba Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu, unaimba Isaya 6 na Ufunuo 4. Mwombe mchungaji wako Jumatano nne za mafundisho juu ya zile barua kwa makanisa 7 ya Asia, ambayo sasa ni Uturuki. Ni sura mbili tu, 2 na 3, na hazina mnyama. Zikikolea, msukumeni mbele.

*Mwalimu habari. Mimi ni kijana wa Pangani, nauza simu na vocha. Kuna mteja wangu, mama mtu mzima, hana laini yake mwenyewe mpaka leo. Anasema zile alama za vidole na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ni 666, chapa ya mnyama wa Ufunuo. Nimwambie nini? Nakosa biashara.*

Njema, mfanyabiashara. Mwambie kwanza asome mpaka mwisho, maana wengi husimama Ufunuo 13:18 wakafunga kitabu. Mstari unaofuata, 14:1, unasema walio pamoja na Mwanakondoo nao wana jina lake na la Baba yake kwenye vipaji vya nyuso. Sijasikia mtu akiuliza jina hilo limeandikwa kwa mashine gani. Kama la Mwanakondoo ni la kuwa mali ya nani na kumwabudu nani, la mnyama lisomwe vivyo hivyo.

Namba yenyewe ina historia. Kiebrania na Kiyunani cha kale herufi ndizo zilizokuwa tarakimu, kwa hiyo kila jina lilikuwa na jumla. Ukiandika Neron Kaisari kwa herufi za Kiebrania unapata 666. Nero alitawala Roma mwaka 54 hadi 68, na aliwatesa Wakristo. Ukiondoa n ya mwisho, ambayo ina thamani ya 50, unapata 616, na zipo nakala za kale za Ufunuo zenye 616 kweli. Mimi hilo linanitosha kuamini kwamba wasikilizaji wa kwanza walijua anasemwa nani. Lakini Ireneo, askofu aliyekulia Smirna, moja ya yale makanisa 7, alijua habari ya 616 akaikataa, akajaribu majina kadhaa, kisha akaonya watu wasikimbilie kutaja jina. Huyo ni wa karne ya 2. Waliokuja baadaye hawakumsikiliza: wametajwa mapapa, wametajwa wafalme, ikatajwa ile mistari myeusi ya kwenye bidhaa za dukani, na juzi chanjo ya Korona. Msabato kama Mama wa Makorora atakwambia alama ni jambo la ibada, litakalokuja pale watu watakapolazimishwa kuitunza Jumapili kwa sheria. Naye hasemi kwamba kuna mtu amekwisha kupigwa chapa kwa kusajili laini.

Muda wa kusajili laini za zamani kwa alama za vidole ulifungwa 20 Januari 2020, baada ya kuongezwa siku kutoka 31 Desemba 2019. Mkumbushe umri wa jambo lenyewe: kama ingekuwa ndiyo chapa, wahubiri wote wanaomtisha wangekuwa nayo, maana wote wana simu, na sadaka wanapokea humo humo. Asipokubali, muuzie kitu kingine. Usimsajili kwa jina lako.

*Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni Muislamu wa Ngamiani, Barabara ya 12. Mkutano wa jirani zetu Wakristo wiki nzima unamtaja Mpinga Kristo. Je, ndiye Dajali wetu? Na mbona lazima tumsikie saa sita usiku?*

Waaleikum salaam, jirani. Wanafanana kwa kazi, hawafanani kwa hadithi. Dajali wenu, yule mwongo wa siku za mwisho, kwa hadithi zilizo katika Sahihi Muslim, atauawa na Nabii Isa kwenye lango la Ludi baada ya kuteremka karibu na mnara mweupe wa Damasko. Kwetu neno lenyewe Mpinga Kristo halimo katika Ufunuo hata mara moja. Limo katika barua za Yohana tu, ya kwanza na ya pili, na huko, 1 Yohana 2:18, anasema wapinga Kristo wengi wamekwisha kuwapo. Ni wahubiri wa baadaye waliomchukua huyo wa Yohana, wakamuunganisha na mnyama wa Ufunuo, pembe ya Danieli na mtu wa kuasi wa 2 Wathesalonike, wakapata mtu mmoja mkubwa. Wengine tunaona uunganishaji huo una haki yake, wengine tunaona umepita kiasi. Mwulize mhubiri wao mchana, akiwa anakunywa maji, atafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye.

Kuhusu saa sita usiku, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hapo hapana unabii, pana spika.